Mguu wa Kulia wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani. Miaka thelathini amekanyaga pedali kwa mguu wa kulia, mtaa mzima unamwita Fundi. Kwamba ana sukari alijua zamani. Kidonda chini ya kidole gumba cha mguu huo hakukijua, mpaka nilipofua soksi zake nikaona moja imelowa usaha. Sukari ilikuwa imeutia mguu ganzi, hakuwa akisikia maumivu hata kidogo.

Hospitali walimsafisha, wakamwongezea dawa za sukari, wakampa vidonge vya rangi mbili, vile vyenye unga ndani. Daktari akasema, "Rudi baada ya wiki. Usaha usipokauka, tutakata mguu kabla uozo haujapanda juu."

Njiani Fundi alicheka. "Anikate mimi? Mwenye mkasi ni mimi!" Lakini alipofika nyumbani alikaa kitandani, akautazama ule mguu muda mrefu.

Siku ya nne kidonda kilinuka zaidi. Nilikuwa natafuta kifungo cha gauni la mteja. Ndani ya kopo la vifungo nikakuta maganda ya vidonge, mekundu na meusi, matupu. Fundi hatupi kitu. Nikaelewa: anavifungua, anamwaga unga kwenye kidonda, anafunga bandeji.

"Mama, hivi si vya kumeza?"

"Nimeze ya nini? Kidonda kiko tumboni? Dawa naipeleka kwenye ugonjwa."

"Lakini daktari alisema..."

"Wewe siku hizi una mdomo! Hebu mlaze mke mwenzangu." Ndivyo anavyomwita binti yangu wa miezi minane.

Nikamlaza mtoto. Nani amshtaki mama mkwe wake? Asubuhi nikamfunga mtoto mgongoni, nikatia maganda mfukoni, tukaenda hospitali kubadilisha bandeji. Muuguzi akamuuliza kama anatumia dawa.

"Vizuri sana," akajibu.

Nikayaweka maganda mezani. Fundi alinikata jicho, nikatamani ardhi ipasuke.

Muuguzi hakumkaripia. "Fundi, ukimwaga nyuzi juu ya kitambaa, gauni linajishona?"

Fundi akatikisa kichwa. "Halijishoni."

"Basi. Dawa ipite kwenye damu, iufuate usaha huko ndani. Huo unga unaishia kwenye bandeji." Akamwanzishia dozi upya, na sindano siku tatu za kwanza. Tena akamkataza kuukanyagia mguu ule, pedali ndiyo kabisa.

Siku zile Fundi hakunisemesha ila mambo ya kazi. Nilishona mimi, yeye kanyoosha mguu juu ya stuli, anafoka: "Pindo gani hilo, limelewa?" Lakini saa ya dawa ikifika, alimeza mbele yangu, kisha akafungua mdomo wazi nikague.

Tuliporudi kwa daktari usaha ulikuwa umepungua, akasema tusubiri kwanza. Wiki ya tano nyama nyekundu ikajaa. Wiki ya kumi daktari alibonyeza penye kidonda, akageuza mguu, akabonyeza tena.

"Kimefunga. Nenda na mguu wako, mama."

Fundi aliinuka. Alitoka mpaka kwenye benchi la wagonjwa, akashika bega langu, akauinua mguu juu foleni nzima iuone.

"Huu ndio walitaka kuukata! Dawa ya kumeza mezeni, jamani, msiimwage kama mimi! Na huyu hapa mkwe wangu, ndiye aliyenishtaki!"

Benchi zima likapiga makofi. Mimi nilikuwa nalia, na yeye bado ameuinua.