Siku Tulipoweka Kinanda Mahali Pake

Nilimfahamu mpiga saksafoni wetu kwa miaka ishirini na kitu, na sikumbuki kumwona asubuhi hata moja bila kipande cha tete mdomoni. Ni ule ulimi wa saksafoni, ambao sisi wanamuziki tunauita ridi. Aliuweka shavuni ulainike, akaongea nao hivyo hivyo, akanunua nyanya nao, akamwamkia mama mkwe wake nao. Ridi za dukani hazikuwa zinafika Ifakara. Ya mwisho ikivunjika alikwenda mtoni kukata matete, akayaanika juu ya bati, kisha akayachonga kwa wembe mpaka yakawa membamba kama ukucha. Mengi aliyatupa. Moja moja ndilo lililolia.

Mimi nilipiga gitaa la ridhimu, na ndimi niliyekuwa kiongozi wa bendi. Yeye alikuwa mtu wa Mofu. Utotoni alijifunza tarumbeta katika bendi ya kanisa upande wa Mahenge, na padre mmoja alipokuwa anarudi kwao akamwachia saksafoni kuukuu. Hakuna aliyemfundisha. Alisikiliza redio, akatafuta mwenyewe kwa vidole. Alichopenda ni jazi ile ambayo mpigaji anaanza na wimbo unaojulikana na kila mtu, kisha anauacha, anatembea peke yake, na anarudi wakati watu wameshakata tamaa kwamba atarudi. Jumapili alasiri tulipopiga Kidatu kwa wafanyakazi wa miwa, wachezaji walikuwa wanamlalamikia. "Rudi basi, mzee! Tumesimama huku!" Lakini walisimama kweli, mikono kiunoni, wanamtazama.

Tulikuwa watano: sisi wawili, mpiga dramu, mpiga besi, na dada mmoja mwimbaji ambaye asubuhi alikaanga samaki. Mazoezi yetu yalikuwa kila Alhamisi saa tisa, kwenye stoo nyuma ya gesti moja ya Kibaoni, katikati ya kreti za soda.

Alhamisi moja tulikuwa katikati ya wimbo, zamu yake ikafika. Sauti ikatoka na upepo mwingi, kama tairi linalovuja. Nikamtazama. Mate yalikuwa yanamtiririka upande wa kushoto wa kidevu.

"Acha utani, bwana," nikasema.

Mpiga dramu akacheka. Na mimi nikacheka. Tukaendelea kupiga. Tuliumaliza wimbo ule wote, beti mbili na kiitikio, ndipo yule dada akaweka maiki chini akasema, "Jamani, huyu mtu anaanguka."

Hospitali walisema ni kiharusi. Mara nyingi nimejiuliza kama beti mbili zile zilikuwa na uzito wowote. Niliwahi kumuuliza daktari, akanijibu kwamba hawezi kujua. Ningependa angesema hapana.

Mguu ulirudi polepole, na mkono nao, vidole vyote vitano. Kilichokataa ni pembe ya mdomo. Mtaalamu wa mazoezi alimpa maputo ya kupuliza. Nilikwenda kumtembelea nikamkuta amekaa kitandani, ameshika puto jekundu, anapuliza, na pumzi inatokea pembeni inamrudia shavuni. Puto halikutikisika. Aliponiona alilificha chini ya shuka kama mtu aliyefumaniwa.

"Miezi miwili tu," akaniambia, maneno yakiwa yamelegea. "Msiniwekee mtu."

"Nani atakuwekea mtu? Wewe pona."

Nilisema hivyo nikiwa tayari nimeshaongea na mwalimu mmoja wa sekondari aliyepiga kinanda kwenye kwaya. Kulikuwa na harusi Kidatu, na wenye harusi walitaka saksafoni, walikuwa wameitaja kabisa. Mwalimu alikuwa na kinanda kipya chenye sauti za kila kitu. Unabonyeza kitufe, inakuwa filimbi. Unabonyeza kingine, inakuwa saksafoni. Alikuwa mtu mpole, na kosa halikuwa lake. Tulimpa rekodi ya simu, akaisikiliza kwa siku tatu, akaja akapiga zile solo za mwenzetu noti kwa noti, bila kukosea hata moja. Mpiga besi alisema, "Duh." Mimi niliona shida yangu imeisha.

Alhamisi iliyofuata, tukiwa tunapiga, mlango ukafunguka. Alikuwa amesimama na fimbo, amevaa shati lake la jukwaani, lile la mikono mirefu. Alikuwa ametembea kutoka kwake mpaka pale, na kwa mguu ule sijui alitumia muda gani. Sijui pia alisimama nje kwa muda gani kabla ya kuingia. Tukaacha kupiga.

"Endeleeni," akasema.

Hakuna aliyeendelea. Akasogea mpaka kwenye kinanda, akakiangalia.

"Mwalimu, hebu rudia pale."

Mwalimu alinitazama mimi kwanza, nikainamisha kichwa. Akarudia. Ilikuwa ni ile solo ndefu, ambayo kwenye saksafoni ilimlazimu apumzike mara nne, na katika kupumzika kule ndimo watu wa Kidatu walimopigia kelele. Kinanda kiliipita yote bila kusimama.

"Hii inavuta pumzi wapi?" akauliza.

"Haivuti, mzee wangu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. Kisha akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, hata mimi, akatoka. Ningeweza kumfuata. Alitembea polepole mno, hata baada ya dakika kumi ningempata. Nilimwambia mpiga dramu ahesabu, tuanze upya, harusi ilikuwa Jumamosi.

Wiki iliyofuata dada yake alikuja kumchukua, akampeleka Mofu.

Kilichotokea baada ya hapo ningekitazamia kama ningekuwa na akili. Kinanda kilichojua saksafoni kilijua besi pia. Mpiga besi akaondoka kwenda kulima mpunga. Kilijua dramu. Mpiga dramu siku hizi anaendesha bodaboda. Nilibaki mimi, mwimbaji na mwalimu, kwa msimu mmoja wa harusi, mpaka yule dada akanifuata nyumbani asubuhi, kabla hajakaanga samaki wake.

"Kaka, usichukie," akasema, macho chini. "Mwalimu anasema hata gitaa limo."

Sikuchukia. Nilitafuta hasira nikaikosa, kwa sababu jambo lile nilishamfanyia mwenzangu mimi, bila hata kumwambia.

Ndipo nikaenda Mofu. Zilikuwa zimepita masika mbili. Nilikuwa nimejiambia barabara mbovu, nimejiambia malaria, nimejiambia mengi. Nilimkuta shambani kwa dada yake, amekaa juu ya kichanja cha miti, anafukuza ndege kwenye mpunga ulioanza kukomaa. Alikuwa na rundo la vibonge vya udongo miguuni. Ndege wakishuka, anarusha kimoja, wanaruka, wanashuka mbele kidogo.

Nilipanda nikakaa naye. Tulisalimiana vizuri. Aliuliza habari za mke wangu. Mdomo wake ulikuwa umebaki vile vile, na hakukuwa na ridi shavuni.

"Nimekuja kukuomba msamaha," nikamwambia.

Alirusha kibonge kabla ya kunijibu. "Sikukukasirikia. Nilidhani utakuja jioni ile ile. Nikakaa nje, nikasema atakuja. Kesho yake nikasema leo."

"Nilikuwa na aibu."

"Najua. Ila mimi nilikuwa nakaa nje."

Nikamuuliza kuhusu saksafoni, nikamwambia kuna fundi Morogoro, ningeipeleka mwenyewe. Akasema hapana. Dada yake alinionyesha baadaye: ilikuwa ndani, juu ya magunia, panya wameshakula ngozi za kuzibia matundu. Dada alisema mwaka wa kwanza ndugu yake alijaribu kila asubuhi, sauti haikutoka, halafu siku moja hakuitoa tena. "Na mimi sikumuuliza," akasema.

Alifariki masika iliyofuata. Maji yalikuwa yamekata njia na mtandao ulikuwa unakuja na kupotea, kwa hiyo ujumbe ulinifikia siku ya nne. Walikuwa wameshamzika. Nilikaa na simu mkononi nikifikiria nimpigie nani, nikaona wa kumpigia ni yeye tu.

Mwezi huu nilikutana na yule dada mwimbaji sokoni. Naye haimbi tena. Harusi sasa zina muziki wa kwenye flashi. Tulikaa kwenye benchi la muuza soda. Akasema, unakumbuka ile solo yake ndefu? Akaanza kuiimba kwa mdomo, nikamkatiza, nikamwambia siyo hivyo. Nikajaribu mimi. Akatikisa kichwa. Tulijaribu tena, mara yeye, mara mimi, kila mmoja akiikosa mahali tofauti, mpaka muuza soda akaanza kututazama. Basi tukaacha. Akachukua kikapu chake, nami nikaelekea nyumbani.