Ndimi za Ng'ambo

Kaa kwanza, mwanangu, kabla sijagusa hicho kisanduku ulichoniletea. Nakumbuka siku moja nilifungua kodiani ya Mzee Owere kwa furaha kama hiyo yako, na sijaacha kuijutia. Nimechoka kuisimulia habari hii. Lakini ukiondoka hapa bila kuisikia, nitachoka zaidi.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye kichwa kikubwa kuliko kazi yangu. Baba alinifundisha kutengeneza kodiani huko Nakuru, nilikokulia, kabla hajastaafu tukarudi kwetu Masinya, upande wa Uganda. Hapa hakukuwa na msichana mwingine aliyeshika bisibisi, basi nikajiona bingwa. Watu walinisifu, nami nilizipokea sifa zote bila kubakiza.

Mzee Owere alikuwa rafiki wa baba, mkulima wa Nabuyoga na mpigaji wa kodiani anayejulikana mpaka Tororo mjini. Mkewe, Nyafwono, alikuwa amefariki, na siku ya lumbe yake, yaani ile shughuli ya kumaliza msiba, ilikuwa imekaribia. Mzee alitaka kupiga wimbo mmoja tu siku hiyo: ule aliomtungia Nyafwono alipokuwa akimposa. Kikwazo kilikuwa sauti moja iliyokufa. Unajua mwenyewe, ndani ya kodiani mna ndimi nyembamba za chuma, na upepo ukipita ndipo zinapotetemeka zikalia. Akaifungua mbele yangu, akanionyesha ulimi mmoja uliokuwa umeliwa na kutu.

"Nyara," aliniambia, maana yake kwa lugha yao ni binti yangu, "huyu moja tu ndiyo mgonjwa. Hizi zingine nazeeka na mimi, lakini iko sawa. Usiguse."

Nilimwitikia vizuri, kwa heshima zote. Kisha nikaenda sokoni Busia, upande wetu wa Uganda, kwa muuzaji mmoja aliyekuwa akitandaza vipuri vya redio juu ya gunia. Alikuwa na seti nzima ya ndimi, zinang'aa kama vijiko vya bibi harusi. Nikamuuliza zimetoka wapi.

"Hii yote mali ya ng'ambo, sista," akasema.

Basi nikaishiwa maswali. Kwa Kiswahili cha Nakuru, ng'ambo ni Ulaya, kwa wazungu, zinakotengenezwa kodiani zenyewe. Nikaona nitamfanyia mzee wa watu hisani kubwa: atapata ndimi mpya zote, na siku ya lumbe kila mtu ataniuliza fundi ni nani. Nikapatana na muuzaji nichukue seti yake, nami nimletee zile kuukuu. Nilizifunga nyumbani, zikalia kwa kishindo kuliko za zamani. Kesho yake nikampelekea muuzaji ndimi za Mzee Owere ndani ya karatasi ya sukari.

Siku ya lumbe uwanja ulijaa. Mzee alivaa koti lake, akakaa kwenye kiti cha mbele, akaanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, nami nikanyoosha shingo nionekane. Katika ubeti wa pili sauti zikaanza kushuka, moja baada ya nyingine. Tatu zikakwama kabisa. Moja ikagoma kunyamaza, ikawa inalia peke yake kama mwana-mbuzi, na vijana wakacheka. Mzee Owere akaifunga kodiani, akaiweka chini, akajaribu kuumalizia wimbo kwa mdomo. Hakuufikisha mwisho. Niliona aibu ambayo mpaka leo hainitoki.

Watu walipotawanyika alinipa kodiani mwenyewe, hakupandisha sauti.

"Yangu iko wapi?"

"Nilimpa muuzaji, mzee. Hizi aliniambia ni za ng'ambo."

"Hiyo naambiwa sikio. Jicho yako iliona nini?"

Asubuhi nilikimbia Busia. Muuzaji wala hakushtuka. "Ng'ambo si ndiyo pale, sista?" akasema, akanionyesha kwa kidevu kizuizi cha mpaka na paa za Busia ya Kenya nyuma yake. Kumbe huku kwetu ng'ambo ni hapo tu, ukivuka barabara. Kulikuwa na fundi huko anayekata ndimi kutoka kwenye zile kanda za chuma zinazofunga marobota ya mitumba. Muuzaji hakunidanganya hata neno moja. Ndimi za Mzee Owere zilikuwa zimekwisha kwenda Mbale na mtu asiyemjua jina. Nilizitafuta miaka, mwanangu. Sikuzipata, na mzee alikufa bila kuupiga tena wimbo ule.

Alinifundisha lakini, kabla hajafa, kwa kodiani ileile iliyoharibika, akinionyesha ndimi zile mbovu zilikosa nini. Ulimi mzuri una mstari wa buluu pembeni, pande zote mbili, rangi ya chuma kilichochomwa kikakatwa kwa uangalifu. Ribiti yake, ule msumari mdogo unaoushikilia, imegongwa kwa mkono, utaona haiko sawasawa. Uinue kwa ncha ya wembe kisha uuachie: mzuri unarudi ukitetemeka, mbaya unarudi kivivu. Halafu upulizie taratibu, kama unapoza uji wa mtoto. Ukikujibu kwa pumzi hiyo ndogo, huo ni wa kuweka.

Sasa nawe umeniletea kodiani ya babu yako, na kisanduku cha ndimi ulichoagiza kwa simu, na unaniambia nibadilishe zote kwa sababu kimeandikwa vizuri juu. Nimezitazama huku nikikusimulia. Zako mpya hazina buluu popote. Za babu yako zinayo, zote isipokuwa mbili.

Nitabadilisha hizo mbili tu, na mbovu zake nitakufungia kwenye kitambaa uondoke nazo. Mtu akikuambia kitu kimetoka wapi, mshukuru, kisha ukitazame mwenyewe mpaka uridhike. Na mwenye chombo akikuambia usiguse, usiguse, hata ukijua kuliko yeye.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulindie macho na mikono. Na siku utakayompigia uliyempenda, akujalie wimbo ufike mwisho.