Mkono wa Mwosha

Bi Mwanabaraka ameosha maiti za wanawake wa Mabatini kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika. Utani huo ni wake mwenyewe, msinilaumu mimi. Aliusema popote, hata matangani, huku kikombe cha kahawa kikiwa mkononi. Watu wakimkumbusha kwamba mwosha huoshwa, alijibu kuwa analijua hilo, ndiyo maana anaosha vizuri, ili watakaomwosha yeye wawe wamejifunza.

Mama yangu, Bi Shamsa, alikuwa shoga yake tangu wakiwa wasichana. Waliahidiana kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Mama alikuwa na sababu yake. Mwosha wa pili wa mtaa wetu ni mwanamke mmoja ambaye simtaji, mikono yake mizuri, lakini akitoka chumbani husimulia: nani alikuwa na kovu, nani alijichubua mpaka mapajani. Mama alimwita Redio. Siku daktari alipomwambia moyo wake umetanuka na asinyanyue hata ndoo ya maji, hakuuliza amebakiza muda gani. Alikwenda moja kwa moja kwa rafiki yake.

"Mwana," alisema, "mimi Redio hanishiki."

"Hakushiki nikiwa hai," akajibu Bi Mwanabaraka.

Wiki mbili baadaye Bi Mwanabaraka akaanguka bafuni kwake. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala.

Alirudi kutoka hospitali akiongea kama kawaida, bahati mbaya yetu, na akitembea kwa kuburuta mguu. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia tu. Hapo ndipo mapenzi ya jamaa yalipoanza kummaliza. Mkono wa kulia haufiki mdomoni, na kula kwa kushoto ni aibu ambayo nyumba ile isingeivumilia, basi wakwe zake wawili, wake wa wanawe, wakagombea kumlisha. Wakamlisha, wakamwogesha, wakamfunga ushungi, wakamkuna na mgongo. Mwanamke aliyekuwa akiamrisha mtaa mzima akawa anafungua mdomo akiona kijiko tu. Mama alikuwa akienda kumtazama, na akirudi nyumbani anaisukuma pembeni sahani yake ya chakula.

Ndipo akaja Ndalahwa, kijana wa Misungwi, mtoa tiba kwa vitendo wa hospitalini. Tulidhani amekuja kukanda misuli. Akasema anayekanda ni mwenzake. Yeye kazi yake ni kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake mwenyewe, kula, kuvaa, kupika, chochote kilichokuwa kinajaza siku yake. Akatoa mkobani pete za plastiki za rangirangi na ubao wenye vijiti.

"Shikamoo, mama. Tuanze na hii nyekundu, uihamishie huku."

"Marahaba. Ina faida gani ikifika huko?"

Kijana akafikiri. Kisha akazirudisha pete mkobani bila kununa, na kwa hilo nikampenda. "Basi niambie wewe. Unataka mkono huu urudi ufanye nini?"

"Kuosha maiti."

Nadhani chuoni walimwandaa kwa watu wanaotaka kuchana nywele na kufunga vifungo vya shati. Kalamu ilisimama. Wakwe wakasema astaghfirullah kwa pamoja. Ndalahwa akafungua ukurasa mpya. "Sawa. Nielezee. Unaanza na nini?"

Akaelezwa kwa saa nzima. Akaandika kila hatua: kukunja mikono ya gauni, kushika kopo, kumimina, kukamua kitambaa, kumgeuza maiti, kumkausha, kufunga sanda. Zilifika ishirini na sita. Kwa kila hatua akauliza ipi anaiweza, ipi haiwezi, na ipi ataiweza akitafutiwa njia. Sikuwahi kuona mtu anaichambua kazi hivyo, na mimi ni mwalimu.

Kosa lake alilifanya ziara ya tatu. Aliona mkono wa kushoto ni mzima, akasema tuufundishe huo kazi yote, tutamaliza haraka.

Bi Mwanabaraka alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, mkono huo una kazi yake ya chooni, na wewe unaijua. Kwa maiti pia una kazi yake, huvalishwa kitambaa. Kumimina ni kwa kulia. Nikimmiminia Shamsa kwa kushoto, atafufuka anizabe kofi."

Ndalahwa alikata mistari yote aliyokuwa ameandika. "Nisamehe, mama. Nilipaswa kuuliza kwanza."

Tangu siku hiyo mambo yakaenda. Wakwe walifukuzwa mezani. "Kila tonge mnalomlisha mnamwibia zoezi," Ndalahwa aliwaambia, wakanuna wiki nzima. Bi Mwanabaraka akawekewa sahani ya ugali, mkono wa kushoto ukashikilia kiwiko, wa kulia ukafinyanga. Matonge mengi yaliishia sakafuni na kuku wa jirani wakanenepa. Matusi aliyoyatoa siku zile siwezi kuyaandika. Mpini wa kopo Ndalahwa aliuzungushia mpira wa tairi la baiskeli mpaka ukawa mnene wa kushikika, na akashona mkanda wa kulikaza kwenye kifundo cha mkono. Wiki ya kwanza kopo tupu, ya pili robo, baadaye nusu. Kitambaa akamfundisha kukizungusha kwenye bomba na kukisokota, bomba likawa mkono wa pili. Kusimama muda mrefu kulimchosha, akaletewa kigoda.

Kopo lilipoanza kujaa, alihitaji mtu wa kuoshwa. Ndalahwa akapendekeza mto.

"Mto hauna kwapa," akasema Bi Mwanabaraka.

"Nitalala mimi," mama akasema. "Si ndimi mwenye shughuli?"

Basi kila Jumatatu na Alhamisi, miezi mitatu, mama alilala juu ya mkeka sebuleni kwetu, dera mwilini, amefumba macho, anajitahidi kufa. Hakufaa kabisa. Maiti alipiga chafya. Maiti aliuliza nyanya sokoni zimefikia bei gani. "Maji ya baridi hivi, unataka niugue nikiwa kaburini?" Jirani mmoja akasema tunaita mauti; mama akamjibu kwamba mauti anapajua kwetu siku nyingi, haitwi. Ndalahwa, kwa kuwa ni mwanamume, alikaa nje ya pazia na karatasi yake, akiuliza hatua moja baada ya nyingine.

"Kumgeuza?"

Bi Mwanabaraka anaweka kiganja cha kulia chini ya bega la mama, anasukuma, na mama anageukia ubavu wake wa kushoto, taratibu kabisa.

"Kageuka!" anapiga kelele Bi Mwanabaraka. "Andika, kijana! Andika kwa wino!"

Mama alifariki Alhamisi moja asubuhi, chai yake ikiwa haijapoa. Ujumbe ulipofika msikitini, Redio alikuwa wa kwanza kufika mlangoni, kanga tayari kiunoni. Bi Mwanabaraka akampita akiburuta mguu, kopo lake limefungwa kifundoni. "Leo pumzika, dada," akamwambia, na akafunga mlango. Ndani tulikuwa watatu: yeye, mkwe wake mkubwa na mimi.

Mwosha hasimulii alichokiona, nami sisimulii. Nasema habari ya uzito tu.

Alimimina vizuri. Mkono ule ulikuwa umetulia kuliko wangu. Ikafika hatua ya kumgeuza, akaweka kiganja chini ya bega kama alivyofanya mara zote, akasukuma. Mama hakugeuka. Akasukuma tena, safari hii kwa kifua chake chote. Bega halikupanda hata kidogo.

Nilimwona akifahamu. Alikaa kwenye kigoda, maji yakimtiririka kwenye kiwiko, na mwanamke ambaye hajawahi kulia mbele ya maiti akalia kwa sauti.

"Shamsa, mwongo mkubwa wewe," alisema. "Moyo ule mbovu, umekatazwa hata ndoo, miezi mitatu unajigeuza mwenyewe kwa ajili yangu?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale kila Jumatatu na kila Alhamisi. Sikuona. Nilimkasirikia mama yangu siku ya kumwosha, na sioni haya kulisema. Kisha mkwe akashika nyonga, mimi nikashika bega, tukamgeuza, na Bi Mwanabaraka akasimama akaendelea kumimina kwa mkono wake wa kulia mpaka tukamaliza. Alipofungua mlango, Redio alimwuliza mambo yalikwendaje. Hakupata neno.

Jumatatu iliyofuata matanga Ndalahwa alikuja kutupa pole. Alikuwa na ile karatasi. Alisema kwa upole kwamba lengo limefikiwa, mama ameoshwa na mtu aliyemtaka, na kwamba kusaidiwa kugeuza si kushindwa. Hata waosha wazima hugeuza wawili wawili.

"Futa hapo kwenye kugeuza," Bi Mwanabaraka akamwambia. "Uliandikishwa uongo. Na kuna Bi Agnes wa nyumba ya nyuma mgonjwa kitandani, hana mtu wa kumgeuza akiwa hai, vidonda vinamtoka. Nataka nigeuze kweli."

"Utahitaji mtu wa kufanyia mazoezi, mama."

"Ninaye." Akanigeukia. Nina kilo themanini na sita, na kila mtu mtaani anazijua. "Safia, lala chini. Na usinionee huruma kama yule mama yako."

Nikatandika mkeka, nikalala. Kiganja chake kilipoingia chini ya bega langu, nilitaka kugeuka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikauma meno, nikajilegeza, nikawa mzito kadiri nilivyoweza.