Meli ya Angani na Daraja la Magogo

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila ninaposikia lori likipanda mlima wetu huku Ntimaru kwa gia ya kwanza. Ilikuwa miaka ya sitini. Mafuriko yalikuwa yamelibeba daraja letu la magogo, na mahindi ya kijiji kizima yalikuwa yamekwama ghalani. Yalitakiwa yafike Homa Bay, yapakiwe melini kwenda Kisumu. Ukitia mkono kwenye magunia ya chini ulikuta joto, na joto ndani ya gunia ni mwanzo wa kuoza.

Wazee wakaitisha risaga, ile kazi ya pamoja ya sisi Wakuria, leo kwako kesho kwangu. Mimi nilikuwa nimetoka sekondari majuzi, na nilikuwa nimesoma gazetini habari za meli ya angani: puto refu kuliko kanisa, lenye injini, linaloelea na mizigo bila kuhitaji barabara. Nikawaambia vijana wa rika langu wasijichoshe na magogo, chombo hicho kingeletwa, daraja ni mambo ya kizamani. Wakanisikiliza, maana Kiingereza changu kiliwatisha. Siku ya risaga walifika wazee na akina mama tu, na kwa siku tatu gogo la kwanza likawashinda. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jioni ya siku ya tatu mama yangu alinikuta nimekaa. Alikuwa na matope hadi magotini.

"Mwalimu," akaniita, nami sikuwa mwalimu, "hicho kiputo chako kikishusha mahindi kule Homa Bay, kitatulia chini?"

"Hapana, mama. Kitakuwa chepesi, kitapaa. Lazima kipakiwe uzito mwingine. Mawe, kwa mfano."

"Mengi?"

"Uzito sawa na mahindi."

"Na mawe tunayo huku, ng'ambo hii ya mto. Yatavuka wapi?"

Nikageuka kuutazama mto.

"Usijali," akasema, akianza kucheka, "nitayabeba kichwani. Wewe kaa ushike kamba."

Kesho yake nilipita nyumba kwa nyumba kuwaomba wenzangu. "Chombo kimeshatua?" walinidhihaki, lakini walikuja. Tukakata, tukaburuta, tukafunga. Lori likavuka, magogo yakilia chini yake. Kule gatini Homa Bay karani alitia mkono guniani, akanusa, akaitikia kwa kichwa. Mpaka leo nikikumbuka kichwa kile, napumua.

Ila mahindi ya Robi, jirani yetu mjane, yaliyokuwa chini kabisa, hayakuondoka. Yaliharibika katika siku zile nilizopoteza mimi. Msimu uliofuata nilimlimia shamba lake, naye hakuwahi kunisema. Hilo bado linaniuma.

Mwanangu, sikwambii meli ya angani ni uongo. Nasikia hata sasa wako wanaoijaribu, na huenda ukaiona. Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Ukiletewa jambo jipya, lipende, kisha uliulize: litatua wapi, litafungwa na nini upepo wa ziwa ukivuma, litarudi limebeba nini? Na wakati unangoja majibu, nenda ukashike gogo pamoja na wenzako. Usiwatoe watu kazini kwa kitu ambacho hata wewe hujakiona.

Mungu akupe macho ya kuona mbali na mabega ya kubeba kilicho karibu. Na mzigo wako, popote uendapo, ufike ukiwa mkavu.