Busta Iliyokuwa Ikizimika Kila Ijumaa

Swala ya Ijumaa imekwisha, Mtaa wa Narung'ombe umerudia kelele zake za wauza mashuka na wabeba mizigo, na fundi Candida Shirima amekaa mkekani, mgongo ukutani, anakikodolea macho kitaa cha kijani kisichozidi punje ya mtama. Kitaa kiko kwenye kiboksi cheupe juu ya kabati. Fundi hafungui kitu, hashiki kitu. Anangoja kizimike.

Chumba kimejaa moshi wa ubani. Wanawake wamemaliza kusoma hitima, wamekula pilau, sasa wanazungumza kwa sauti za chini. Kitandani, katika nguo nyeupe zisizo na urembo wowote, amekaa Bi Sitara, mjane wa Mzee Hashimu. Yuko eda. Simu yake ndogo ya batani kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika yai.

"Kinakwenda hicho," anasema bila kugeuza shingo. "Sasa hivi utakiona."

Candida anacheka kidogo, kicheko cha kujipa moyo. Hata hakijaisha, kitaa kinageuka chekundu, kinapepesa, kisha kinatulia na wekundu wake. Kwenye simu ya fundi mwenyewe mtandao unaporomoka, unabaki wa kuungaunga. Mazungumzo yanakatika chumba kizima. Hakuna aliyekigusa kiboksi, hakuna hata aliyekisogelea.

"Yesu na Maria!" linamtoka fundi, Mkatoliki wa Rombo, katikati ya hitima ya watu. Hakuna aliyemkemea, maana kila mmoja alikuwa anataja wake.

Candida ana umri wa miaka arobaini na moja, na kazi yake wengi hawaijui mpaka siku iwakute. Anafunga na kutengeneza busta, yaani vile vifaa vya kuvuta mtandao wa simu na kuuingiza ndani ya nyumba. Nje kunakaa antena inayotazama mnara, ndani kunakaa antena nyingine ndogo, na katikati waya na kiboksi chenye kitaa. Kibanda chake kiko barazani mwa duka moja Mtaa wa Aggrey, upana wake mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili.

"Wateja wangu wengi wanaishi chini ya ghorofa za wenzao," anasema. "Kariakoo hii zamani ilikuwa nyumba za Kiswahili tupu. Leo wewe umebaki na kibanda chako cha urithi, kushoto ghorofa, kulia ghorofa, nyuma ghorofa. Unadhani simu imekufa, kumbe mnara haukuoni."

Siku ikiwa njema anarudi kwake Magomeni na elfu thelathini. Siku mbaya anarudi na nauli na maneno ya wateja, na hayo maneno, anasema, hayanunui hata kiberiti.

Nyumba ya Bi Sitara ni mojawapo ya hizo zilizomezwa. Chumba chake kiko mwisho wa ukumbi, karibu na uani, na bila busta simu humo ni tochi tu. Ilipoanza kusumbua, mafundi walikuwepo tele, tena vijana hodari wa mtaa huohuo. Lakini mjane aliye eda haingiliwi chumbani na wanaume wa kando. Ndipo wakaulizana Kariakoo nzima kama kuna fundi mwanamke, na jina lililorudi likawa moja.

"Nilikuja mara ya kwanza Jumatatu. Nikakuta kitaa kijani, kila kitu kinafanya kazi," anakumbuka Candida. "Nikabadilisha adapta, maana fundi huwezi kuondoka mikono mitupu, utaonekana tapeli. Wakaninywesha chai na kalmati. Ijumaa ikazima."

Akaja tena katikati ya wiki. Akakuta kitaa kijani. Safari hii akabadilisha kichwa cha waya na kufunga plasta isiingie maji. Ijumaa ikazima tena. Siku nyingine zote za wiki busta inapiga kazi kama askari, ikifika Ijumaa baada ya chakula inakata, magharibi inarudi yenyewe.

Ingekuwa nyumba nyingine wangesema basi, tutaongea Jumamosi. Nyumba hii haina Jumamosi.

Binti pekee wa Bi Sitara, Siwema, anafanya kazi za ndani Muscat. Simu hana. Bosi wake humwazima yake Ijumaa alasiri, akipiga mara mbili ama tatu anairudisha. Na Siwema, tangu baba yake afariki, hajaambiwa.

"Nani angemwambia?" anauliza Maimuna, dada wa marehemu, mwanamke mnene wa maneno ya moja kwa moja. "Mtoto yuko peke yake ugenini, nyumba ya watu. Akianguka atashikwa na nani? Tukasema aambiwe na mamaake mwenyewe, kwa taratibu, siku watakapopata kuzungumza vizuri."

Siku hiyo ikawa haiji. Kila Ijumaa simu inaita, Bi Sitara anapokea, anasema haloo, haloo, kimya. Ama haiiti kabisa. Mjane aliye eda hatoki barazani kwenye mtandao, na Maimuna hawezi kwenda kuipokelea huko, maana swali la kwanza la Siwema lingekuwa kwa nini shangazi ndiye kashika simu ya mama, na la pili baba yuko wapi. Mara moja tu Siwema aliiba nafasi akapiga Jumapili, haraka haraka. Bi Sitara akataka kusema, ulimi ukamwangusha. Akasema, "Baba yako kalala." Siwema akajibu, "Mwache apumzike," na simu ikakatwa.

Tangu hapo mama wa watu hali wala halali. Anajiona mwongo mbele ya mwanawe na mbele ya maiti wake. Na watu wa nyumba wakaanza kunong'ona. Busta ile aliinunua Mzee Hashimu mwenyewe, kwa ajili ya huyohuyo Siwema. Basi marehemu hataki binti aambiwe, wakasema. Kila wakikaribia kusema, anakuja kuwaziba mdomo.

"Mimi siamini mambo hayo," anasema Candida. Kisha, kwa kuwa ni mtu mkweli, anaongeza, "Ila mikono ilikuwa ya baridi."

Ndiyo maana Ijumaa hii hakuja kutengeneza, alikuja kushuhudia. Na sasa kitaa kimeshakuwa chekundu, alasiri inakaribia, na macho yote yako kwake.

Anainuka. Anaufuata waya kwa kidole, ukutani, juu ya mlango, kupitia tundu la dirisha, mpaka uani. Uani kuna kivuli cha saa zote. Ghorofa zimesimama pande zote, na baina ya mbili za hizo umebaki mwanya mmoja mwembamba. Jua la nyumba hii linapita hapo, linatua kwenye bati la jiko la uani, halifiki pengine. Antena nayo imefungwa palepale, kwenye nguzo fupi juu ya bati, inautazama mwanya huohuo.

Candida anaomba ngazi. Anapanda. Hashuki, mpaka Maimuna anamwita kutoka chini, "Fundi, ni mzima wewe?"

Sinia. Sinia kubwa za shughuli, za pilau ya hitima, zimeoshwa zinang'aa, zimeegeshwa kwenye nguzo ya antena, zimeiziba usoni.

"Nani kaweka hizi hapa?"

"Mimi," anasema Maimuna. "Kila Ijumaa ikisomwa hitima, nikishaosha naanika hapo, magharibi naziteremsha. Jua liko wapi tena nyumba hii?"

Baadaye, kibandani kwake, Candida ananieleza kwa lugha nyepesi. Antena ya nje kazi yake ni kuusikia mnara. Ukiizibia na bati zito, mnara haiusikii tena, inaanza kuisikia ile antena ya ndani, sauti inarudi na kurudi. "Kiboksi kinajisikia chenyewe. Kinaona kitaungua, kinajizima. Ni kama mtu unayempigia kelele masikioni kwa maneno yake mwenyewe."

Jua na mtandao vilikuwa vinapita mlango mmoja, na sadaka ya marehemu ndiyo iliyokuwa inaufunga.

Anazishusha sinia moja moja. Anaingia ndani, anachomoa kiboksi, anakirudisha. Kitaa kinawaka kijani. Mwanamke mmoja anajisahau, anaanza kigelegele, jirani yake anamziba mdomo kwa kiganja. Nyumba ya eda hiyo.

Simu inaita.

Wageni wanajitoa kwenda ukumbini kwa heshima. Candida naye anataka kutoka, Bi Sitara anamshika mkono wa gauni. "Kaa hapa. Isije ikazima." Anabonyeza kitufe cha sauti kubwa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Siwema, umekaa? Kaa chini kwanza."

"Mama, najua."

Bi Sitara anatazama simu. "Unajua nini?"

"Baba. Najua tangu mwanzo. Nilipiga Ijumaa, ukapokea. Ukawa unasema haloo, haloo, hunisikii. Mimi nakusikia. Nikasikia watu wanasoma. Nikasikia dua, wanamtaja Hashimu bin Zahoro, wanamwombea kaburi lake liwe na nuru. Nikaiweka simu chini, nikaenda jikoni kwao nikapika, nalia napika."

"Mbona ile Jumapili hukusema?"

"Ulivyosema kalala, mama, ningesema nini? Nikaona bado huwezi."

Wote wawili wanalia, mmoja Narung'ombe, mmoja Muscat, na katikati yao fundi wa busta anayefuta kamasi kwa ncha ya kitambaa chake cha kazi. Maimuna anabaki mlangoni, mkono kifuani.

Kisha Siwema anasema jambo ambalo Candida alinirudia mara tatu, kila mara akiishusha sauti.

"Na baba mwenyewe nilikuwa namsikia. Kila Ijumaa. Wewe ukishanyamaza, anakohoa kile kikohozi chake. Halafu ananiuliza, 'Mamaangu, ushakula?'"

Siwema alipewa jina la mama yake Hashimu, na Hashimu hakuwahi kumwita binti yake kwa jina hilo. Alimwita mamaangu tangu akiwa wa kunyonya. Hapana mtu mwingine aliyemwita hivyo.

Candida ana maelezo, na anayatoa harakaharaka. Mtandao ukiwa nusu, mmoja anasikia na mwenzake hasikii, hilo ni la kawaida, kila fundi analijua. Chumbani kulikuwa na wanawake wanagawa chakula, nani ataacha kumuuliza mwenzake kama keshakula?

"Na kikohozi cha mwanamume?" namuuliza.

Anageuza bisibisi mkononi. "Maimuna ameapa hakuna mwanamume aliyekanyaga chumba kile tangu mazishi. Hilo mimi sina kifaa cha kulipima."

Kule chumbani, siku ile, Siwema alikuwa bado simuni. Kisha akauliza, "Leo sijamsikia. Mmefanya nini?"

"Fundi kaitengeneza," akasema mama yake.

Candida akatupia jicho kitaa. Kilikuwa kijani.

"Mwambie airudishe kama ilivyokuwa. Kidogo tu, mama. Mimi sikumzika."

 Bi Sitara alimtazama fundi, na Candida anasema katika kazi yake yote hajawahi kutazamwa vile. Fundi aliyepanda ngazi mara ya kwanza kwa ushupavu alipanda mara ya pili akishika kila kidato. Akaziegesha sinia kwenye nguzo kama alivyozikuta. Chini, kitaa kikawa chekundu, simu ikakatika.

Siwema akapiga tena, simu ikaita kwa shida. Bi Sitara akapokea, akailaza kwenye mto wa upande aliokuwa akilala mumewe, akafunga macho. Candida akasimama mlangoni na Maimuna. Kutoka simuni hakukuja sauti hata ya upepo. Ndani ya chumba hakukohoa mtu. Alisikia wachukuzi wakipiga kelele mtaani, wakiomba njia, akasikia moyo wake mwenyewe, basi. Ubani ulikuwa umeshazimika, lakini anasema harufu yake iliongezeka, na Maimuna, bila kuambiwa, akainua kanga kufunika pua.

Sinia ziliposhushwa tena, Siwema akapiga. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyetoka kuoga.

"Ahsante, mama. Mwambie fundi ahsante. Bosi anataka simu yake."

"Alisikia kitu?" namuuliza.

"Hakusema," anajibu Candida. "Mama yake hakuuliza. Mimi ni nani niulize? Ungeuliza wewe?"

Tangu siku hiyo nyumba ina utaratibu wake. Ijumaa mama na binti wanazungumza kwanza, mtandao safi, wanacheka hata, wanapangana jinsi Siwema atakavyorudi mkataba ukiisha. Wakimaliza, Maimuna anapanda na sinia zake.

Kibandani Mtaa wa Aggrey, imeegeshwa nyuma ya kiti cha Candida nguzo mpya ya chuma, ndefu, imepakwa rangi. Alimchomeshea Bi Sitara, bure, ili antena ipande juu, mbali na vyombo vya jikoni. Bi Sitara ameishukuru, ameiombea dua mikono iliyoitengeneza, na amesema isifungwe mpaka atoke eda.

Candida anasema mipango yake mingine ni ya kawaida: kibanda kikubwa zaidi, na wasichana wawili wa kuwafundisha kazi, maana nyumba za wajane ni nyingi. Lakini anapoizungumzia nguzo ile anaacha kazi aliyoshika.

"Naomba siku hiyo ikifika yule binti awe ameshamuaga baba yake vya kutosha. Nikishaifunga hiyo, hakuna sinia itakayoifikia antena tena, na yeye hatasikia kitu ila mama yake." Anaigusa nguzo kwa kiganja. "Kwa hiyo mimi sina haraka nayo."