Eunike Amchukua Dubwana

Siku za kazi Eunike anashona viti vya magari pale Daraja Mbili. Jumapili akitoka ibadani, anageuka kuwa mwenye timu ya besiboli. Mpira wenyewe hajawahi kuushika. Timu yake iko ndani ya kompyuta: unachagua wachezaji, unapanga nani arushe mpira na nani aupige na kukimbia kutoka kituo hadi kituo uwanjani, kisha mashine inacheza yenyewe, wewe unabaki kushika kichwa. Mchezo huo uliletwa na mdogo wake Brayson. Kwenye kundi lao, kuna timu tatu ambazo wenye nazo wako sebuleni kwa Eunike: yake, ya Brayson, na ya mumewe Lemomo. Zilizobaki zinaendeshwa na kompyuta.

Kila msimu ukikaribia, Eunike ndiye anayezipima timu na kusema ipi ina nguvu wapi, na ipi inavuja wapi. Hana huruma. Mwaka huu baridi ya Julai ilikuwa imeufunika mlima Meru kwa mawingu, wote wamejikunyata na vikombe vya chai, naye akaanza na Brayson.

"Warushaji wako wazuri, ila wamezeeka. Msimu ukifika katikati mikono itakuwa imelegea. Na mdakaji wako anaogopa mpira."

"Dada, mtu wa kwenye kompyuta anaogopaje?"

"Muulize mwenyewe."

Akamgeukia mumewe. "Baba Nalepo, wewe umekusanya mafahali. Wakipiga, mpira haupatikani, hilo nakubali. Lakini kukimbia, wanatembea kama wanatoka kwenye harusi. Huyo mpigaji wako Dubwana ndiye kabisa. Akishasimama kwenye kituo, wanaomfuata wote wamekwama."

Lemomo ni mtu wa Ngaramtoni, na hana haraka hata akiwa amechelewa. Alikoroga chai yake taratibu. "Na timu yako, Mama Nalepo?"

"Yangu ina mbio, na inadaka vizuri. Udhaifu sijauona."

"Umeutafuta?"

"Nimeutafuta."

Katikati ya wiki Lemomo alimpitia kazini na mahindi ya kuchoma. Wakala kidogo, kisha akasema, "Nimeyafikiria maneno yako. Dubwana namwachia. Brayson anamtaka."

Eunike akaweka sindano chini. Ukweli ni kwamba Eunike alikuwa akimpenda Dubwana siku nyingi. Hata Dubwana alipokuwa akiichapa timu yake, kuna mahali moyoni Eunike alikuwa akimshangilia.

"Nipe mimi," akasema.

"Wewe si ulisema ni mzito?"

"Uzito wake nitajua namna ya kuupanga."

Lemomo akaomba badala yake wakimbiaji wawili, wale wepesi kabisa. Eunike akawatoa kabla hajamaliza hindi lake.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Dubwana alipiga mipira ikavuka uzio, na Eunike akawa anaimba huku akishona. Kisha foleni zikaanza. Dubwana akisimama kwenye kituo, vijana wepesi nyuma yake wanasubiri, na pointi hazipatikani, maana pointi ni mpaka mkimbiaji azunguke vituo vyote arudi nyumbani. Timu ya Lemomo, kwa upande wake, ilikuwa imejifunza kukimbia.

Mechi ya mwisho iliwakutanisha mke na mume, na mshindi ndiye angeongoza kundi. Wakiwa sare, mpigaji wa Eunike aliupeleka mpira mbali, mtu yeyote mwenye miguu angefika nyumbani. Dubwana alikuwa kituo cha pili. Akaondoka, akaenda, akaenda, na alipofika alikuta mpira umeshatangulia. Mpira ukimtangulia mkimbiaji, anatolewa, na Dubwana akatolewa. Kisha mmoja wa wale wepesi walioondoka kwa Eunike akachomoka kwa mpira mdogo tu wa mwenzake, akafika nyumbani. Mechi ikaisha.

Brayson alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Dada, shemeji amekuchezea."

"Hajanichezea. Uzito wake niliusema mwenyewe, kwa mdomo huu," Eunike akajibu, na yeye kicheko kikamshinda.

Lemomo akamwonea huruma. "Nikurudishie wakimbiaji wako, nimchukue mzee wangu?"

Eunike akafikiri kwa muda mfupi sana. "Mwache hapa. Uliuona ule mpira wake wa mwanzo, ulivyopaa?"

"Niliuona," Lemomo akasema, kwa sauti ya mtu aliyeanza kujuta kidogo.