Chupa ya Uso wa Fuatino

Fuatino, mke wa Tavita, hakuwa mtu wa vioo, mpaka mgeni mmoja kanisani alipoona picha ya Leute, akamuuliza kama ni bintiye. Leute ni dada yake, tena mkubwa, anaishi ng'ambo, mjini Auckland. Sisi wanakwaya tulijitia kukohoa. Fuatino hakucheka, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Basi aliposikia Leute anarudi Savaii, kisiwani kwetu, kututembelea, aliapa madoa ya jua yatamtoka usoni. Alinunua unga wa vitamini C, akaukoroga kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, akatia gliserini kidogo ili ngozi isikauke. Dawa hiyo haipendi mwanga wala joto, hugeuka rangi ya chai ikaharibika, kwa hiyo aliitia kwenye chupa nyeusi ya sosi ya soya na kuisukuma nyuma kabisa ya friji. Kila akijipaka ilimchoma, na kila ikimchoma aliniita nimtazame. Nilimwambia yanafifia. Ni rafiki yangu, ningemwambia nini?

Jumapili ya Leute ikafika. Kwetu siku hiyo wapishi ni wanaume, kwa hiyo Tavita alibaki na moto wake. Tuliporudi kutoka kanisani, mchungaji akakaribishwa chakula, na Fuatino akakimbilia friji ajipake kabla ya picha.

"Tavita, chupa yangu iko wapi?"

"Ile ya ndimu?"

"Ndimu gani?"

"Ile kali. Ndimu ziliisha, nikaionja, nikasema huyu mke wangu ana akili. Nimemimina yote kwenye samaki wabichi."

Samaki wale wa tui, ambao kwetu huliwa wabichi kwa ndimu, walikuwa mbele ya mchungaji, naye yuko kwenye bakuli la pili.

"Mama, leo samaki wamekolea," akasema mchungaji.

"Kula tu, Mchungaji," Fuatino akajibu, macho makavu. "Utang'aa."

Leute alimfuata jikoni, akamkuta analia, na alipoelezwa alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka.

"Kwa hiyo dawa yenyewe inawekwa gizani, kwenye baridi?"

"Ndiyo, dada. La sivyo inaharibika."

"Basi ndiyo maana mimi sijaharibika. Nafanya kazi kwenye ghala la samaki wa barafu, mdogo wangu. Naingia jua halijatoka, natoka limeshazama. Wewe madoa yako umeyapata wapi?"

"Shambani, kwenye magimbi ya mama."

"Na mama alikuwa nawe huko?"

"Alikuwa anakaa pembeni ananipa umbea. Mpaka mwaka aliokufa."



Wakati wa picha, Fuatino alijibanza kivulini mwa paa. Leute akamvuta mkono mpaka katikati ya uwanja, kwenye jua la mchana, akavua kofia yake ya kanisani na kuinua uso.

"Tupige hapa," akasema, "na usiharakishe. Nami nataka nipate hata doa moja."